Kikapu cha Buni cha Mzee Abdu

Mwanangu, kila nikisikia vikombe vya kahawa vikigonganishwa mtaani, nakumbuka siku moja nilipotaka kuibomoa nyumba yangu kabla sijaijenga. Usinicheke. Nilikuwa kijana, na kijana akishika visenti vya kuuza mitumba, masikio huziba.

Nililelewa Temeke na mjomba wangu Salumu, muuza kahawa. Kila alasiri alizunguka barazani na birika lake juu ya jiko la mkaa, kashata pembeni, na wazee wote walimpenda. Mimi nilimwonea haya. Nasema kweli, maana uongo sasa haunisaidii. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yalijaa vitu vya ng'ambo ambavyo utotoni tulivisikia tu, nami nikajiona mtu wa vitu hivyo, si mtu wa birika jeusi.

Basi nikampenda Koku, binti wa Mzee Abdu, Mhaya wa Bukoba aliyehamia Kinondoni. Mzee akasema kabla wazee wangu hawajaleta posa, anataka kumwona kijana mwenyewe. Mjomba akataka kunisindikiza. Nikamwambia hakuna haja. Nikanunua kopo la kahawa ya ng'ambo, ile ya kukoroga tu kwenye maji moto, nikaenda nalo kwapani, nimechomekea shati.

Mzee alilipokea kopo, akashukuru, akaliweka kando. Koku akaleta kikapu kidogo kilichosukwa kwa ustadi. Ndani mlikuwa na buni kavu, na maganda yake. Mzee akanisogezea.

"Karibu, mwanangu."

Nikazitazama buni. Nikacheka.

"Mzee, mbona hizi bado? Hazijakaangwa wala kutwangwa! Mambo ya kahawa tuachieni sie watu wa pwani."

Mzee Abdu alikirudisha kikapu polepole. Akaniuliza habari za biashara, akaniuliza habari za mvua, lakini neno la posa hakuligusa tena. Mlangoni Koku aliniambia, macho yamemjaa machozi, "Kwetu mgeni hupewa kahawa atafune. Ndiyo karibu yenyewe. Umeukataa mkono wa baba." Akafunga mlango.

Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Nilirudi Temeke kwa miguu, sikumbuki hata nilipita njia gani.

Nilimkuta mjomba anatwanga kahawa. Nikamweleza yote, naye hakuacha kutwanga mpaka nilipomaliza.

"Hiyo kahawa unayojidai nayo," akasema, "babu yako aliipanda wapi?"

Nikaketi kando ya kinu. Ndipo akanisimulia kama alivyosimuliwa na mzee wa Kiyemeni aliyemfundisha kukaanga. Kwamba kahawa tunayoinywa asili yake ni misitu ya Uhabeshi, na wapo wanaosema mbuzi ndio walioitafuna kwanza, wakaruka-ruka hata mchungaji akashangaa. Ikavuka bahari hadi Yemen, masufi wakainywa ili wasisinzie kwenye dhikri. Kutoka huko ikasambaa kwa Waarabu na Waturuki, Wazungu wakaionja, wakaitamani. Walioilima wakawa hawataki mbegu hai itoke kwao, lakini husemwa kuna haji mmoja aliyezificha chache mwilini akazifikisha Bara Hindi. Waholanzi wakaipanda Java. Ikaenda hadi Brazili, ikalimwa kwa jasho la watumwa, watu waliotolewa bara letu hili.

"Sisi wa pwani tuliletewa, tukajua kuipika," akasema. "Lakini Wahaya wana buni za aina nyingine, za misitu yao wenyewe, na walikuwa wakizitafuna kabla Mzungu hajafika. Hilo kopo lako nani ajuaye? Huenda kilichomo kilitoka Bukoba, kikaenda kutembea. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wewe umekwenda kuwafundisha wenye kahawa kahawa!"

Nililia, mwanangu. Nililia kwa ajili ya Koku, na kwa haya ya miaka yote niliyomwonea mjomba.

Ijumaa baada ya sala tulikwenda. Mjomba alivaa kanzu. Birika nililibeba mimi, mitaa yote ile ya Kinondoni, vijana wenzangu wakinitania, "Braza, tupimie kikombe!" Sikujali. Mzee Abdu alikunywa vikombe viwili vya mjomba. Nikapiga magoti nikaomba radhi. Akaagiza kikapu. Akatwaa buni moja, akaipasua, zikatoka punje mbili. Moja akaitia kinywani mwake, nyingine akaniwekea kiganjani. Nikatafuna. Ilikuwa chungu hasa, nami nilitamani isiishe.

"Salumu," akamwambia mjomba, "sasa leteni wazee."

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda kwa watu, pokea kwanza, uliza baadaye. Usidhani unachokijua kimeanzia kwenu. Na mtu aliyekulea kwa birika, libebe birika lake hadharani angali hai akuone. Mjomba wangu aliniona nalo mara moja tu, maana mwaka wa pili wa ndoa yetu alifariki, na hadi leo namshukuru Mungu kwa Ijumaa ile.

Mola akupe wenyeji wakunjufu kila uendako, akupe na ulimi mtulivu. Haya, mgeni wetu, Koku huyo analeta kikapu. Nyoosha mkono, mwanangu. Tafuna.