Uzi wa Zambarau

Harufu ya uzi mpya ikinijia, narudi Kariakoo. Tulikuwa tumetoka Mombasa, likizo. Mama alibeba kitambaa cha meza alichokuwa akikifuma, uzi wa zambarau umemwishia katikati. Kila duka tuliloingia aliutoa uzi wa dukani nje juani, akaulaza juu ya kitambaa mikononi mwangu.

“Dada, si ndo huuhuu?” mwenye duka mmoja alimwambia.

“Sio huu.”

Tukazunguka hadi Msimbazi. Kwenye duka la tisa nikaketi barazani, nikavua viatu. Mama aliutazama uzi juani, kisha akanitazama miguu.

“Ndio huu,” akasema.

Leo nimekitandaza kitambaa kibarazani kwangu. Kuanzia katikati zambarau inageuka, waziwazi. Na macho mama alikuwa nayo.