Karatasi Isiyo na Namba

Kwa miaka ishirini na sita hakuna karatasi iliyolala bila namba katika masjala ya wizara ile. Barua ikiingia, iwe ya waziri au ya mlinzi wa geti anayeomba likizo, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba aliipokea, akaigonga muhuri, akaiandika namba pembeni juu, ndipo akaitia jaladani. Namba hiyo huitwa folio, na wizara nzima ikamwita Bi Folio, hata wale waliokuwa wakimwogopa. Na walikuwa wengi. "Karatasi isiyo na folio ni mtoto wa kuokota," aliwaambia makarani wapya. "Hujui katoka wapi, hujui wa nani, na siku ikileta balaa kila mtu anaikana."

Siku moja gazeti likachapa ukurasa wa mbele picha ya barua ya fundi mkuu wa hospitali kuu kwa wizara. Barua ilisema kwamba kati ya mashine nane za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, tano zimekufa. Wiki iliyotangulia waziri alikuwa amesimama bungeni, mkono kifuani, akaapa kwamba zote nane zinafanya kazi. Mwenye akili zake angedhani sasa mtu atatumwa hospitali akazihesabu mashine, maana nane si hesabu ya kumtoa mtu jasho. Thubutu! Iliundwa tume ya kumtafuta aliyeivujisha barua.

Tume ilikuja na watu watano, magari matatu na chupa za chai zisizoisha. Siku ya kwanza tu walifunga masjala, wakabandika lakiri mlangoni, wakasema majalada yote sasa ni ushahidi. Tangu hapo ukumbi wa wizara ukajaa watu waliokaa kwenye mabenchi mpaka wakajuana majina. Muuguzi mstaafu alifuata barua ya kustaafu kwake. Daktari wa zahanati ya mbali aliomba kibali cha kupelekewa chanjo, na kila alipouliza aliambiwa, "Subiri tume." Alirudi mikono mitupu, huku kina mama wakimngoja zahanati. Bi Folio alikuwa amekaa nje ya masjala yake mwenyewe, kwenye kiti cha kukopa, akiwapa pole watu ambao alizoea kuwapa majibu.

Naye alikuwa na lake. Mume wa mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha hesabu miaka thelathini, alikuwa mgonjwa wa figo. Alipaswa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mashine zikiwa tatu kwa mji mzima, alipata zamu moja, na siku nyingine hata hiyo aliikosa. Alikuwa ameombewa kibali cha kuhamishiwa hospitali ya mji mwingine. Kilibaki kusainiwa na mganga mkuu wa wizara tu, na jalada lake lilikuwa rafu ya tatu, nyuma ya lakiri.

"Dada, si una ufunguo wewe?" mdogo wake alimuuliza kila jioni.

"Ufunguo ninao. Nikivunja lakiri ndiyo nitakuwa mwizi anayetafutwa."

Mwalimu, miguu imevimba juu ya mto, aliwatania wote wawili. "Msigombane. Mimi nanenepa, ila miguu imetangulia, mwili utaifuata." Walicheka kwa sababu yeye alitaka wacheke. Lakini daktari alishamwambia Bi Folio pembeni kwamba kwa mwendo huu mgonjwa hamalizi miezi miwili.

Wiki ya saba ndipo tume ilipomwita. Alikuta chumba kirefu, feni ikilalamika juu, na lile gazeti limelazwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki. Mwenyekiti, mzee mpole aliyeonekana kuchoka kuliko wote, alimsogezea.

"Itazame vizuri, mama. Hii barua ilitoka kwako?"

Bi Folio alivaa miwani, akaitazama pembeni juu. Palikuwa peupe. Hapakuwa na folio, hapakuwa na muhuri wa kupokelewa. Barua ile ilipigwa picha kabla haijamfikia, na kabla ya kumfikia ilikuwa imepelekwa kwa mkono moja kwa moja ofisi ya waziri, ikakaa huko siku tatu. Aliyevujisha siri alikuwa ghorofa ya juu, na ushahidi alikuwa nao mbele ya macho yake.

Alifungua kinywa. Mwenyekiti akainua mkono.

"Kabla hujasema, nikueleze. Ikionekana barua ilitoka huko juu, itabidi tuombe ruhusa, tuanze upya. Miezi mitatu, pengine minne. Majalada yatabaki yalipo." Akashusha pumzi. "Ikiwa ni uzembe wa masjala, tunafunga kazi leo."

Hakumtisha. Alimweleza tu, kama mtu anayeeleza ratiba. Katibu wa tume alikuwa ameshainua kalamu. Bi Folio alifikiria miezi mitatu, akafikiria ile miguu juu ya mto. Alijua kwamba ukweli wake ungemzika Mwalimu kabla haujamfikia mkubwa yeyote.

"Nilisahau," alisema.

"Ulisahau nini?"

"Kuitia namba. Ilishinda mezani kutwa nzima. Yeyote aliyepita angeweza kuipiga picha."

Mjumbe mmoja, aliyewahi kufanya naye kazi, aliinua uso ghafla. "Bi Folio? Wewe, usahau folio?"

"Uzee, mheshimiwa."

Alikuwa na miaka hamsini na nne. Aliitia sahihi karatasi ya maelezo kwa aibu, si kwa woga. Kufukuzwa kazi angeweza kukubali. Kuandikwa mzembe kulimchoma kama pilipili kwenye kidonda.

Kesho yake lakiri ilivunjwa. Waziri aliliambia bunge kwamba yote yalikuwa uzembe wa karani mmoja, akapigiwa makofi. Katika wiki zote saba hakuna aliyekwenda kuzitazama mashine. Bi Folio alipewa mpaka saa sita mchana akabidhi ofisi. Kabla ya kukabidhi chochote alilitoa jalada la Mwalimu, akalipeleka kwa mikono yake mpaka mezani kwa mganga mkuu.

Mdogo wake alianza kufunga begi siku ile ile. Alimshukuru dada yake mpaka Bi Folio akaomba aache. Hakuna aliyemwambia Mwalimu nini kilichotokea, ingawa redio anayo na masikio anayo.

Jibu lilikuja siku ya tisa. Bi Folio alilisoma kwa sauti, kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea barua za serikali.

"Ombi limekataliwa. Kwa mujibu wa taarifa ya wizara iliyotolewa bungeni, mashine zote nane za hospitali kuu zinafanya kazi. Hivyo hakuna sababu ya kumhamisha mgonjwa."

Mdogo wake aliketi chini sakafuni, akalia.

"Nane ukitoa tano?" aliuliza Mwalimu.

Bi Folio aliishusha barua.

"Nimedanganya, shemeji," alisema Bi Folio, machozi yakimtoka waziwazi. "Nilidhani nakununulia siku. Kumbe nimeutia uongo wao muhuri."

"Wanasema ulisahau. Nilijua siku ile ile kwamba hukusahau." Mwalimu alijaribu kukaa wima, akashindwa. "Usinililie mimi. Mimi hukunidanganya."

Bi Folio alifuta uso kwa khanga. Aliikunja barua, akaitazama saa. Ilikuwa saa nane mchana, na ofisi ya gazeti ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu.

"Hii barua ni yako. Naiomba."

"Ichukue."

Mdogo wake aliruka, akamshika mkono mlangoni. "Dada, watakufunga! Kufukuzwa hakujakutosha?"

"Adhabu nimeshaipata," alisema Bi Folio, akivaa viatu. "Kosa ndiyo kwanza nakwenda kulifanya."