Mama Mkwe Aliyerudishiwa Mchi

Wa msikitini, asalaam aleikum. Wa kanisani, amani iwe kwenu. Na sisi sote wa sukari, poleni na hongereni. Naitwa Tabu, wa Buzebazeba. Nesi ameniomba niseme kidogo. Kusema kidogo siwezi, lakini nitajitahidi.

Zamani nilikuwa mkamuaji wa mawese. Ndoo kichwani, napanda kilima huku napiga soga. Mwanangu Hamisi akaoa Mwajuma, binti wa Ujiji mwenye adabu zake. Wiki ileile akaninyang'anya mchi.

"Mama, mimi nipo halafu wewe utwange? Watu watanionaje?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mkwe akiingia, mama mkwe anakaa mkekani. Nikakaa, na nilipenda, nisiwadanganye. Chai tamu iko ubavuni, mandazi yanakuja yenyewe.

Nikanenepa hadi pete ikagoma kutoka kidoleni. Kisha ikaja kiu. Nakunywa maji kama nimekula chumvi, na choo hakinipi nafasi ya kupumua. Macho yakaingia ukungu. Nyayo zikafa ganzi, nikakanyaga kipande cha chupa bila kujua. Mwajuma ndiye aliyeona damu kwenye mkeka. Kidonda kikakataa kufunga. Kikatoa usaha, kikanuka. Wageni wakija naufunika mguu kwa kanga, na harufu wanaipata vilevile.

Na wageni walikuwepo, maana ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zinashusha watu kutoka Burundi, na nyumba nyingi za huku zilikuwa na mtu wa kumpokea. Kwetu alifikia Nahimana, ndugu yangu wa upande wa mama, mtu wa rika langu. Alikuja na kifurushi kimoja na kicheko kikubwa, pamoja na yote aliyoyaona.

Hospitali nilimkuta daktari kijana, mgeni kutoka Kilimanjaro. Akapima, uso ukabadilika.

"Bibi, sukari imepanda mno. Kidonda hiki kisipofunga, mguu tutaukata."

Nililia mbele za watu kama mtoto. Akaningoja nimalize, akanieleza taratibu. "Mwilini kuna homoni inaitwa insulini. Ndiyo inayoipeleka sukari kwenye misuli. Wewe unayo, bibi, lakini umri umekwenda na unakaa tu. Inabisha hodi, misuli haifungui. Misuli ikifanya kazi, inaanza kusikia tena."

Akanipa vidonge, akaagiza nisafishwe kidonda, akanikataza chai yangu. "Mguu usiukanyagie mpaka upone. Mikono ifanye kazi kila siku."

Nikafika nyumbani nikaomba mchi. Mwajuma akaangua kilio. "Mama, majirani wakisikia unatwanga na mimi nipo ndani, watasema nakutesa. Mama yangu atatoka Ujiji kuja kunisema!" Hamisi akamuunga mkono mkewe. Mchi ukapandishwa darini. Nilikasirika jamani! Mguu unakatwa, wao wananihesabia heshima.

Nahimana alikuwa amekaa mlangoni akisikia yote. Akacheka, akamwita mama yake kwa lugha ya kwao.

"Yoo, mawe! Mwajuma mwanangu, mimi hapa ni mgeni wa nani?"

"Wa mama."

"Basi sombe yangu naitaka itwangwe na mwenyeji wangu. Ya mkono mwingine sili."

Hapo nani abishe? Mwenyeji akimhudumia mgeni kwa mkono wake, kwetu hiyo ni sifa hata awe bibi kizee.  Mwajuma akaenda mwenyewe kuuteremsha mchi.

Nikatwanga nimekaa kwenye kigoda, mguu nimeunyoosha juu ya mto. Siku za mwanzo mikono ilichoka upesi, matiti yanaruka, majani ya mihogo ya hiyo sombe yananirukia usoni. Nahimana anapiga makofi, ananiimbia nyimbo za kwao. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani.

Kiu ndiyo iliyotangulia kuondoka. Kisha usingizi ukarudi. Kidonda kikaota nyama nyekundu pembeni, kikaanza kufunga. Daktari akapima, akapima tena, akatabasamu. "Bibi, sasa hodi inaitikiwa." Nilitaka kumkumbatia, nikamkumbatia kweli.

Mguu ulipopona nikavaa viatu vya kufunika vidole, tukawa tunatembea mimi na Nahimana hadi Gungu na kurudi, polepole, tukiwasema watu njiani. Amani iliporejea akarudi kwao. Nilimsindikiza bandarini kwa miguu yangu yote miwili.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na Nahimana popote alipo. Sukari bado ninayo, na vidonge nameza. Wenzangu, msiviache. Kagueni nyayo zenu kila siku, mwulizeni daktari kazi gani inawafaa, kisha ifanyeni. Na nyie wakwe, mama akitaka kufagia, mpeni ufagio.

Juzi jirani mpya alichungulia uani. Akanikuta natwanga, jasho linanitiririka, na Mwajuma kakaa kivulini anasuka nywele.

"We Mwajuma, huoni aibu?"

"Aibu ya nini? Ule mguu ungekatwa, ningempa mwingine kutoka wapi?"

Kisha akanigeukia, akachungulia kinu. "Mama, hiyo sombe bado haijalainika."