Mlango wa Kuinama

Chama chetu kilikuwa na sheria moja iliyotutoa jasho: mtu lazima apite.

Mtu mwenyewe alikuwa wa mti, urefu wa kidole changu cha kati, amesimama wima kama askari wa gwaride, mikono imebana mapajani. Seremala wa chama alimchonga mwaka tulioanza, kwa kipimo cha moja kwa ishirini, na kipimo hicho ndicho tulichotumia kwa kila kitu. Ukitengeneza lori, mtu alisimamishwa pembeni tuone kama magurudumu hayamfiki kifuani. Ukitengeneza shule au zahanati, alipitishwa mlangoni. Akigonga kichwa, unairudisha shule yako nyumbani na aibu yako kwapani.

Tulikuwa watu saba. Mwenyekiti alikuwa fundi magari, mtoto wa familia yenye duka na malori pale Majengo, mtu wa swala tano na wa maneno machache. Seremala alijifunza kazi misheni na hakuacha mtu asahau. Wengine walikuwa madereva na walimu. Mwanamke nilikuwa peke yangu, karani wa ramani katika ofisi ya ardhi. Walinikaribisha kwa sababu nilijua kugawanya vipimo, nikabaki kwa sababu nilikuwa na mdomo. Walipoanza kunituma chai, niliwaambia waiendee wenyewe, na tangu siku hiyo tuliheshimiana.

Jumamosi mchana tulikutana nyuma ya gereji ya mwenyekiti. Nikifumba macho hata leo nasikia harufu ya pale: dizeli, maranda ya mbao na gundi ya unga wa muhogo ikichemka kwenye kopo. Miaka ile vitu vilikuwa adimu, sabuni yenyewe ulipanga foleni, sembuse rangi. Kwa hiyo tulitengeneza dunia nzima kwa makopo, waya, ndala zilizokatika na mabua ya mahindi. Tairi la lori letu lilikuwa kisigino cha mtu fulani. Nilikuwa na furaha pale kuliko mahali popote, na sioni haya kusema hivyo, ingawa kazini walinicheka kwamba mtu mzima nacheza kitoto.

Mara moja kwa mwaka, wakati wa Sabasaba, tulipanga meza kwenye ukumbi wa mji na kuonyesha kazi zetu. Julai ni mwezi wa baridi kwetu, upepo wa Ufipa unaingia kwenye koti bila hodi. Watu waliteremka kwenye malori kutoka Mpui na kwingineko, na wale wa Mtowisa waliopanda kutoka joto la bondeni walikuja wamejifunika mablanketi, meno yanagongana, wakituuliza tumekosa nini hata tukaamua kuishi huku juu. Halafu wanafika mezani, wanasahau baridi. Niliwahi kumwona mzee akiinama kuchungulia chini ya lori la bati, akatafuta springi kwa kidole, akaikuta, akacheka peke yake.

Mwaka ninaousimulia, nilitaka kutengeneza nyumba yetu.

Nyumba yetu ilikuwa mlimani, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Mpui, na haikuwapo tena. Wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, wazazi wangu walihamishwa na majirani zao wote, wakapangwa kwenye mstari ulionyooka karibu na barabara. Sisemi hakukuwa na jema. Shule ilikuwa karibu, na mimi mwenyewe ofisini niliichora mistari ile kwa rula na kuisifu. Lakini nyumba ya zamani iliezuliwa ili mtu asirudi, na mvua mbili tu zikatosha kuilaza chini. Baba aliugua kifua katika kijiji kipya, akafa kabla ya mavuno ya pili. Nikamchukua mama, akaja kukaa nami kwenye chumba changu cha kupanga Majengo.

Mama yangu alikuwa msemaji. Mimi mdomo huu niliurithi, sikuuokota. Lakini tangu msiba alikuwa mtu wa kuitikia tu. Umekula? Nimekula. Umelala vizuri? Vizuri. Siku moja tu alisema jambo refu, tukiwa tunachambua maharage. Nyumba ya mlimani ilikuwa na mlango mfupi, na baba alikuwa mrefu. Kila jioni akirudi, na hasa akirudi kutoka kwenye kimpumu, ile pombe ya ulezi, mama alipaza sauti kutoka jikoni: "Inama!" Miaka yote ile. Mara nyingine aliinama, mara nyingine alijigonga, na mama akasema pole huku anacheka.

"Kule kijijini walitupa mlango mrefu," mama aliniambia. "Baba yako akawa anaingia tu. Nikawa sina la kumwambia."

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi niliamua siku hiyo kwamba nitamjengea nyumba ile, hata kama ni ya kukaa juu ya sanduku la nguo, labda akiiona atarudi kusema.

Tatizo likawa vipimo. Chama chetu hakikukubali kukisia, na huwezi kupeleka kamba ya kupimia kwenye nyumba iliyogeuka kichuguu. Nikampima mama. Alinionyesha kwenye ua wa mwenye nyumba wangu: kutoka mafigani hadi kitandani hatua tano, akazitembea, nami nikazifuata kwa kamba. Kirindo, lile pipa la gome la kuwekea ulezi, kilimfika kiunoni. Mlango? Akasimama, akaweka kiganja kifuani, chini kidogo ya bega. "Hapa. Hata mimi niliinama." Nikaandika kwenye daftari, nikagawanya kwa ishirini.

Kuta nilizifinyanga kwa udongo, paa nikaliezeka kwa nyasi nilizozichana kwa sindano. Wiki moja kabla ya maonyesho nikaipeleka gereji. Mwenyekiti akamleta mtu, akamsimamisha mlangoni. Kizingiti cha juu kilimfika kifuani.

"Hapiti," akasema.

"Mlango ndivyo ulivyokuwa, Ndugu Mwenyekiti. Mama mwenyewe kaniambia."

"Mama yako mtu mzima, dada," seremala akadakia. "Watu wazima husahau. Nani anajenga mlango wa mbuzi?"

Hapa ndipo ninapojikasirikia hadi leo. Ningeweza kubisha. Mimi, niliyekuwa nabishana na bwana ardhi mbele za watu, nilimtazama yule mtu wa mti aliyesimama wima na mikono yake mapajani, nikamwamini kuliko mama yangu. Nilitaka nyumba ikae mezani. Nikatia kisu kwenye udongo, nikaupandisha mlango mpaka mtu akapita bila kuguswa nywele. Wenzangu wakapiga makofi. Seremala akasema sasa ndiyo nyumba.

Siku ya maonyesho nikamleta mama, amevaa koti langu juu ya kanga mbili. Mwenyekiti akamwamkia, "Shikamoo mama," akamfungulia njia kati ya watu. Nyumba yangu ilikuwa katikati ya meza, baina ya lori na kanisa. Mama akaitazama. Akazunguka upande wa pili, akaitazama tena. Nikashika ukingo wa meza.

"Hii ni nyumba ya nani?" akauliza.

"Yetu, mama. Ya mlimani."

Akatikisa kichwa taratibu, bila ubaya. "Ya kwetu haikuwa na mlango wa ofisi, mwanangu. Lakini nzuri. Umeifanya vizuri."

Waliokuwa karibu wakacheka. Usiache mbachao kwa msala upitao, wanasema, na mimi nilikuwa nimeutupa mbachao kwa mikono yangu nikijua. Sikulia, nilikasirika, na kwangu hayo ni ndugu. Nikaibeba nyumba nje kwenye upepo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai akanipa maji kwenye kifuniko. Nikachota udongo pale pale uwanjani, nikauponda kwa vidole vilivyokufa ganzi, nikavunja kijiti kuwa kizingiti, nikaushusha mlango hadi kwenye alama ya daftari langu.

Niliporudi, mwenyekiti alinizuia kabla sijafika mezani. Hakufurahi, nilimwona.

"Dada, unajua sheria. Mfano usiopitisha mtu haukai mezani. Nikikuachia wewe, kesho mwingine ataniletea lori lisilo na usukani."

"Basi usikae," nikamjibu, na nadhani nilimjibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nikaiweka sakafuni, ukutani, chini ya dirisha. Mama akaja. Alikuwa ametoka upande wa meza, ngumi moja ameifumba. Alikunja kanga, akakaa chini, halafu akainamisha kichwa hadi shavu lake likakaribia sakafu, akachungulia ndani. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa nimemwekea mafiga matatu ya kokoto, na kirindo, na kitanda cha vijiti. Nikaona mgongo wake unatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, nikaogopa kuuliza, nikaenda kusimama karibu na meza kama mgeni.

Muda mfupi baadaye ikazuka zogo. Dereva mmoja alikuwa ameleta basi lake kwa kuchelewa, likahitaji kukaguliwa, na mtu wa chama hakuonekana. Mwenyekiti akainua vitambaa, seremala akapiga magoti chini ya meza akimlaumu kila mmoja. Walikuwa karibu kuanza kupekua mifuko ya watoto wa shule.

"Mnamtafuta nani?" mama akauliza kutoka pale chini.

"Mtu wetu, mama. Wa mti. Mfupi hivi."

"Ameshaingia ndani."

Mwenyekiti akamsogelea. "Ameingiaje? Mlango haumtoshi."

"Nilimwambia ainame," mama akasema.

Mwenyekiti alichuchumaa na shati lake jeupe la sikukuu, akaweka kiganja kwenye vumbi, akachungulia. Nami nikachungulia juu ya bega lake. Mama alikuwa amemlaza kidogo yule askari, kichwa mbele, akampitisha chini ya kizingiti, kisha akamsimamisha tena ndani, kando ya mafiga. Ndani alisimama vizuri kabisa, kichwa hakikugusa paa.

Mwenyekiti akapangusa vumbi kiganjani. Kisha akaweka mikono miwili chini ya ubao, akainyanyua nyumba yangu polepole kama mtu anayebeba uji wa moto, akaipeleka mezani, akaiweka palepale baina ya lori na kanisa.

"Mtu amepita," akawaambia wanachama.

Siku ile basi la dereva likakaguliwa kwa kukisia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuingiza vidole ndani kumtoa yule mtu. Jumamosi iliyofuata seremala alichonga mwingine.

Jua lilikuwa linashuka tuliporudi Majengo. Mama alitangulia kuingia, mimi nilibaki nyuma nikitafuta namna ya kubeba nyumba ile isibomolewe na upepo. Mlango wa chumba changu ulikuwa mrefu, wa mbao za misheni, mtu wa kimo chochote alipita. Nilikuwa nimeweka mguu mmoja kizingitini nilipomsikia kutoka ndani, sauti ile ya zamani, ya kuamrisha na kucheka kwa pamoja, niliyokuwa sijaisikia tangu tuzike.

"Inama!"

Nikainama.