Awe anakunywa maji yetu

Jamani, leo nimepewa kipaza sauti, nikaharibu mkutano.

Hapa Msimbati, kijana meneja wa mradi mpya wa kisima alituuliza: meneja bora awe na sifa gani?

Wenzangu wakasema msomi, mwaminifu, msikivu.

Akasema, "Bibi naye atuambie."

"Awe anakunywa maji yetu, mjukuu wangu."

Akaniuliza kwa nini.

Nikaeleza. Enzi za ujamaa, tulipohamishiwa huku, Bwana Mradi wetu, aliyesimamia uchimbaji wa kisima, alikuwa mpole, anawahi kazini, anashika sururu pamoja nasi. Ila maji yake ya kunywa alikuwa akija nayo kwenye dumu kutoka kwake mjini, mtaa wa Shangani.

Tulipomwambia ya kisimani yana chumvi, alisema yatatulia.

Siku ya ufunguzi tuliimba, tukapiga makofi.

Hayakutulia. Tukayanywa hivyo hivyo, miaka.

(Msiniulize kama niliumia. Nilishazoea.)

Kijana akasema, "Somo zuri hilo, bibi."

Kikombe cha maji yetu nilichomkaribisha nacho alipofika kilikuwa bado kimejaa mbele yake. Akaichukua chupa yake ya maji ya dukani, akaishusha taratibu chini ya meza.

Mliokuwepo, mlimwona?

Makofi yakapigwa. Na mimi nikapiga.