Ruta Iliyozungukwa na Masinia

Kuna harufu moja ambayo ikinifikia puani, hata niwe wapi, hunirudisha Somanga. Ni harufu ya plastiki iliyopata joto, ikichanganyika na udi na mbao za kabati lisilofunguliwa mara kwa mara. Juzi ilinikuta Lindi mjini, sebuleni kwa mama mmoja aliyeniita nikamtazamie kwa nini mtandao wake unatambaa. Sijafungua hata mkoba wangu wa vifaa, pua ikageuka yenyewe kuelekea kwenye kabati lake la vyombo, nikatabasamu.

"Mbona unacheka, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamwambia sicheki, nimekumbuka nyumbani. Yeye sikumweleza yote, maana kazi ilikuwa inanisubiri. Wewe una nafasi, basi kaa nikueleze.

Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka barabara kuu, pale mabasi ya Dar na Lindi yanaposimama na wauzaji kuyakimbilia madirishani na sahani za samaki wa kukaanga. Tangu asubuhi nyumba ilinukia mafuta ya moto na vumbi la matairi. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amenunua kompyuta iliyotumika, nzito, yenye kioo chenye mgongo mkubwa kama boga na feni iliyonguruma kama mashine ya kukoboa. Ilikaa chumbani kwa kaka yangu Rajabu, naye akajifanya meneja wake.

Mama alikuwa akifuma vitambaa. Nyumbani kwetu hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, friji chake, na jagi la maji lilivaa kofia yenye shanga ukingoni. Lakini fahari ya Mama ilikuwa kabati la vyombo. Lilikuwa na milango ya vioo mbele na kioo cha kujitazama nyuma, kwa hiyo kila kikombe kilionekana mara mbili. Humo yalisimama masinia aliyopewa siku ya harusi yake, chupa za chai za bati zenye maua mekundu, na vikombe ambavyo sijaona mtu akivinywea mpaka leo. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la khanga. Mtoto kugusa kabati lile lilikuwa kosa la kumfanya Mama aache Kiswahili na kuhamia Kimatumbi, na akishahamia huko ujue huna wa kukutetea.

Siku moja akaja Mzee Salumu, rafiki wa Baba aliyeuza vifaa vya simu Lindi. Alikuja na ruta, kile kiboksi kinachowekwa laini kama ya simu kikaeneza mtandao nyumba nzima.

"Mwalimu, kaa nayo uijaribu," alimwambia Baba. "Jumatatu napita kuelekea Dar. Ikiwafaa, tutaelewana. Ikiwakatalia, naondoka nayo, kuna mtu Kibiti anaililia."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Ilipochomekwa akazitazama taa zake zinavyokonyeza, akauliza kama ni kitu cha thamani, akaambiwa naam. Alifungua kabati, akasogeza masinia mawili kulia na mawili kushoto, akaiweka ruta katikati, chupa za chai mbele yake, na juu akaifunika kitambaa cheupe alichokuwa amekimaliza juma lile. Waya wa umeme ukapitishwa kwenye tundu lililotafunwa na panya zamani. Kisha akafunga kabati na kurudisha ufunguo pindoni. Sote tuliona ni sawa kabisa. Kitu cha heshima kilipewa mahali pa heshima.

Rajabu akaanza mara moja kushusha gemu la mpira. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa. Uwanjani wavulana hawakunipa namba, mimi msichana. Nikisogea wananituma maji. Lakini gemu lile lilichezwa na watu wawili kwenye kibodi moja, naye Rajabu, katika saa ya ukarimu, aliniahidi kwamba likishuka, upande wa kushoto wa kibodi utakuwa wangu. Upande wa kushoto wa kibodi! Nililala nikitikisa vidole.

Basi tukakaa kuutazama mstari wa kijani unaoonyesha gemu limeshuka kiasi gani. Tuliuangalia, tukaenda kuswali adhuhuri, tukarudi tukaukuta pale pale. Kompyuta ilisema imebaki saa nyingi, kidogo ikasema zimebaki siku, kisha kila kitu kikakatika na kuanza upya.

Rajabu akasema kompyuta imejaa, imeshiba, inahitaji kupunguzwa. Tukafuta nyimbo zake zote, naye akazifuta kama mtu anayezika. Mstari haukusogea. Akasema basi simu ya Baba inatunyonya, tukaiondoa kwenye mtandao, Baba akanung'unika bila faida yoyote. Mwisho akatoka nje, akautazama mnara wa simu ulio mbali upande wa barabara, akarudi na uso wa mtu aliyefumbua fumbo.

"Kompyuta haiuoni mnara," akasema.

Tukaibeba. Yeye kioo, mimi kibodi na rundo la nyaya, Baba lile sanduku lenyewe akihema. Tukaipeleka sebuleni, ikashindwa. Tukaipeleka dirishani, ikashindwa. Tukaitoa mpaka barazani, mbele ya wapita njia, tukaigeuza uso uangalie mnara.

"Mwalimu, mnahama?" akauliza Mama Zaituni, jirani yetu.

"Hatuhami," Mama akajibu kutoka jikoni. "Wanaianika."

"Eh! Imeota ukungu?"

Tulicheka wote isipokuwa Rajabu. Na wakati wote huo, ndugu yangu, tulipokuwa tukiuzungusha mzigo ule nyumba nzima, ruta yenyewe, iliyokuwa ndiyo mlango wa mtandao, ilikuwa imefungiwa kabatini na hakuna aliyeikumbuka. Kompyuta haikuhitaji kuuona mnara. Ruta ndiyo iliyohitaji.

Ijumaa Baba akachoka, kompyuta ikarudishwa chumbani. Akalitafuta boksi la ruta, akalipangusa, akaliweka juu ya meza. "Jumatatu Salumu achukue chake," akasema. Nililitazama lile boksi tupu na kuona upande wangu wa kushoto ukiingia ndani yake.

Jumamosi ilikuwa harusi ya binti wa Mama Zaituni. Asubuhi mapema alikuja kuazima masinia na chupa za chai. Mama akafungua kabati, akamhesabia, akafunga. Watu wote wakaenda kwenye shughuli, mimi nikaachwa niangalie nyumba na kupepeta mchele wa akiba. Kutoka chumbani kwa Rajabu nilisikia feni ikinguruma. Nikaenda kuchungulia.

Mstari ulikuwa unatembea.

Siyo kutambaa, kutembea, kama mtu aliyetumwa dukani na kuambiwa abaki na chenji. Nilikaa mbele yake na ungo mapajani, nikisahau mchele. Ulikatika mara moja, ukajishika tena, ukaendelea. Rajabu aliporudi jioni ulikuwa umepita nusu. Akaruka, kisha akatuliza uso. "Ni rahisi," akasema. "Watu wote wako harusini. Mtandao umebaki wetu peke yetu." Ilisikika kama maneno ya mtu anayejua. Usiku Baba alituzimia kompyuta, na kulipokucha tulipoiwasha mstari ukaendelea ulipoishia.

Jumapili asubuhi Mama Zaituni akarudisha vyombo. Mama akavikausha, akavipanga kama vilivyokuwa, akafunga kabati. Nilikuwa chumbani. Mstari ukasimama.

"Umeona?" Rajabu akasema. "Harusi imekwisha, watu wamerudi kwenye simu zao."

Lakini mimi nilijua Mama Zaituni na ukoo wake wote hawakuziweka chini simu siku ile. Walipiga picha, wakazituma mpaka Mtama na Dar, wakawapigia waliokosa kuja wasikie vigelegele. Ikiwa kuna siku watu wa Somanga waliutumia mtandao, ni ile. Kwa hiyo neno la Rajabu halikusimama. Nikajiuliza swali ambalo mpaka leo ndilo ninaloanza nalo kazini: ni kitu gani kingine kilichoondoka na kikarudi?

Nikaenda sebuleni, nikasimama mbele ya kabati. Masinia yalimeta. Nikakumbuka redio ndogo ya Baba, siku alipoifungia kwenye sanduku la bati ikiwa inaongea. Mfuniko ulipofungwa ikakoroma. Ulipofunguliwa ikapata sauti yake. Bati lilikuwa limeyazuia mawimbi. Na ruta yetu ilikuwa na bati kulia, bati kushoto, bati mbele, na nyuma kile kioo cha kujitazama, nacho mgongo wake umepakwa madini.

"Mama," nikasema, "naomba ufunguo wa kabati."

Rajabu akapasuka kicheko. "Fundi Somoe! Sasa mtandao unataka chai?"

Mama hakucheka. Alikuwa akifuma, sindano ikasimama. "Unataka kutoa nini?"

"Masinia."

"Ukiyatoa?"

"Mstari utatembea."

"Na usipotembea?"

Nikafikiri adhabu kubwa kuliko zote. "Nitayasugua yote kwa majivu, na masufuria juu yake."

Akaweka ufumaji chini. Kisha akafungua pindo. Hakunipa ufunguo, alifungua mwenyewe, akatoa sinia la kwanza kwa mikono yake. "Rajabu, mstari?" akamwita, naye alikuwa amekimbilia chumbani kuutazama. Umesimama. Akatoa la pili. "Mstari?" Bado. Akatoa yote, akatoa na chupa za chai.

Kutoka chumbani Rajabu akapiga kelele kama aliyeng'atwa na siafu. "Unatembea! Mama, unatembea!"

"Subiri," Mama akasema. Akarudisha masinia. "Na sasa?"

"Umesimama!"

Akatoa tena. Akarudisha tena. Aliufanyia mtandao kama anavyofanya mchuzi, aonje, aongeze, aonje, mpaka akaridhika kwamba chumvi ndiyo hiyo. Kisha akaichukua ruta, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha linaloelekea mnara, na kwa adabu akaifunika kitambaa chake.

Tulishangilia mapema. Mstari ulikimbia, halafu ruta ikazima taa zote. Ikajiwasha, ikakimbia, ikazima tena. Nikaisogelea na hapo ndipo ile harufu ilipoingia maishani mwangu, plastiki ya moto yenye udi wa kabatini. Nikaigusa. Ilikuwa kama chapati inayotoka jikoni.

"Mama, ni kitambaa. Inakosa hewa."

Hilo lilikuwa gumu kuliko masinia. "Kikae uchi? Dirishani? Wageni wakija waseme nini?"

"Mama, wewe ukifunikwa blanketi adhuhuri, kisha ukaambiwa beba maji, utafika?"

Alitaka kukasirika, akacheka. Akakivuta kitambaa, akakikunjua, akakitandika ukingoni, akaiweka ruta juu yake. "Basi ikilalie. Isijifunike."

Haikuzima tena. Alasiri ile ile mstari ulifika mwisho, na kompyuta ikatoa mlio mmoja mdogo ambao niliusikia kama ngoma za mkesha.

Mzee Salumu alipopiga honi Jumatatu, alitukuta mimi na Rajabu bega kwa bega mbele ya kioo. "Shikamoo, Mzee," nikasema bila kuondoa vidole kwenye upande wangu. "Marahaba. Kidude changu kiko wapi?"

"Muulize fundi," Baba akajibu, akinionyesha kwa kidevu.

Nikamweleza yote, masinia, kioo, kitambaa. Alisikiliza akishika ndevu, kisha akauma midomo. "Mwalimu," akasema polepole, "na mimi ninayeviuza, kwangu mke wangu amekiweka kabatini. Nimekuwa nikiulaumu mnara mwaka mzima." Nikapachika bao wakati huo huo, maana Rajabu alikuwa amegeuka kumcheka. Boksi tupu likawekwa juu ya kabati. Mzee Salumu akaondoka na samaki wa kukaanga badala ya ruta. Jioni Mama akaomba ajaribu mara moja, akabonyeza kitufe bila kujua ni cha nini, akamfunga Rajabu bao ambalo hajalisahau mpaka leo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilishinda kwa sababu nililielewa bati. Nilipoanza kazi hii ndipo nilipoona vizuri. Nimeingia nyumba nyingi nikijua tatizo liko wapi, na mwenye nyumba akakataa kusogeza hata kiti, kwa sababu anayesema ni binti. Ndani ya nyumba ile Mama alikuwa na kitu kimoja tu kisichokuwa cha mtu mwingine, kabati lile, na sheria moja juu yake, kwamba halichezewi. Aliivunja mbele ya wanawe kwa neno la mtoto wa kike mwenye ungo wa mchele, na sinia la kwanza akalitoa yeye. Tena hakukiweka kile kidude kabatini kwa ujinga. Sisi sote tulikiona kama mashine ya gemu. Ni yeye peke yake aliyekithamini kiasi cha kukiweka pamoja na masinia yake ya harusi. Ndiyo maana ninapokuta ruta kabatini kwa watu sicheki. Namwambia mwenye nyumba, mama, umeipa mahali pazuri mno, sasa tuitafutie mahali pa kufanyia kazi.

Ruta ile ilikufa zamani. Nilipokwenda Somanga mara ya mwisho kumpelekea Mama ruta mpya, nikaikuta ile ya zamani imerudi kabatini, masinia kulia na kushoto, chupa za chai mbele, kitambaa cheupe juu. Nikafungua mdomo kusema.

"Nyamaza, fundi," Mama akasema, akifunga mlango wa kabati. "Kazi yake imekwisha. Sasa ni zamu yangu kuifunika."