Mfuko wa Ubavuni

Siku ya kwanza kazini sikupewa cherehani. Nilipewa sumaku. Fundi Mkuu wa karakana moja ya ushonaji pale Nyahanga, Kahama, alinikabidhi kipande cha sumaku kilichofungwa kamba, akaniambia nikiburute sakafuni kuanzia mlangoni mpaka kwenye meza ya kukatia, nikusanye pini na sindano zilizoanguka jana yake. Nilipomaliza nilirudia bila kuambiwa, na sumaku ikatoka na pini nyingine. Tabia ya kupitia kila kitu mara mbili nilikuja nayo kutoka nyumbani. Pale ndipo ilipopata ajira.

Fundi Mkuu aliniona, akaniita mezani.

"Unajua kushona?"

"Shikamoo. Najua."

"Marahaba. Umeshamshonea nani?"

"Mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Mtoto wa gunzi, mzee."

Mafundi waliokuwa kwenye vyerehani wakaacha kukanyaga pedali, wakacheka. Yeye hakucheka. "Na mteja wako aliridhika?"

"Hajarudi kulalamika."

"Basi kaa. Wa kwangu hurudi."

Vijana wa sasa wanaoletewa midoli ya plastiki itabidi niwaeleze. Mtoto wa gunzi ni gunzi la hindi, na ndevu za hindi ndizo nywele zake. Nguo unamtafutia mwenyewe. Kijijini kwetu, nje ya mji wa Shinyanga, tulilima pamba sisi, ila nguo zilitoka kwa wengine, kwa hiyo mtoto wangu alivaa vitambaa vya magunia na mapindo ya khanga zilizochakaa. Magauni yake yote yalikuwa na mfuko. Mingine ilikuwa mikubwa kuliko mwenye gauni.

Mfuko ulikuwa na sababu yake. Kaka yangu alikuwa na kaptula ya kaki. Mimi nilivaa kipande cha khanga ya mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Siku moja mayu alinituma chumvi, akaifunga sarafu kwenye pindo la khanga yangu, akakaza fundo kwa meno. Njiani nikalifungua kuhakikisha kama sarafu ipo. Ilikuwepo. Nilipofika kwenye shamba la pamba nikalifungua tena kuhakikisha, na safari hiyo sarafu ikaanguka chini ya miche. Sijaiona mpaka leo. Nyumbani nilichapwa, kisha nikaambiwa nimwige kaka yangu mwenye akili, ambaye hajawahi kupoteza hata senti. Nililiamini hilo kwa miaka mingi, mpaka nilipojifunza ushonaji ndipo nikaelewa kwamba akili tulikuwa nazo sawa. Yeye alikuwa na mfuko.

Tangu utoto, basi, nilikuwa na duka kichwani. Dogo, lenye meza yangu na mkasi wangu, na magauni yaliyotundikwa ukutani, kila moja na mahali pa kutia mkono.

Kwa Fundi Mkuu nilijifunza kazi kwa mpangilio aliotaka yeye. Kwanza pasi ya mkaa, na adabu yake ni kuipuliza nje ili majivu yasiruke kwenye kitambaa cha mtu. Baadaye vifungo na mapindo. Baadaye futikamba, na hapo alinifundisha kumpima mteja wakati anaongea, kwa sababu mtu akijua anapimwa huvuta tumbo, na nguo utakayomshonea itamfaa siku ambayo hapumui. Mwisho kabisa ndipo mkasi. Kitambaa kina uelekeo wa nyuzi zake. Ukikikata upande, gauni litapendeza dukani na kujikunja baada ya kufuliwa, na mteja atarudi na ndugu zake.

Gauni langu la kwanza zima lilikuwa la mwalimu mmoja wa kike. Nililitia mfuko wa ubavuni. Huo ni vipande viwili vya bitana vyenye umbo la kiganja, vinavyofichwa ndani ya mshono wa pembeni, chini kidogo ya kiuno. Ukishonwa vizuri hauonekani. Mkono ndio unaoujua. Fundi Mkuu alipitisha mkono kwenye mshono kuukagua, na mkono ukapotelea ndani.

"Hiki nini?"

"Mfuko, mzee."

"Nani kauagiza?"

"Hakuna."

"Gauni la mwanamke halina mfuko. Unavimbisha nyonga. Fumua."

Nikafumua. Alikuwa mtu wa haki, na ni yeye aliyenipa mkono wa kazi, lakini alivyofundishwa ndivyo alivyofundisha.

Kutoka Kahama nilihamia Segese, kwenye karakana iliyopata kazi ya kushona ovaroli za wachimbaji. Mkubwa wetu tulimwita Msimamizi. Kalamu yake ilikaa sikioni hata wakati wa kula. Pale hakuna mtindo. Kuna kielelezo kimoja na vyerehani vinavyolia tangu asubuhi. Lakini ndipo nilipobobea katika mifuko. Ovaroli ina mifuko ya kifuani, ya mapajani, ya nyuma, na mwembamba wa pembeni ya goti. Mwanaume mmoja alitembea na mifuko mingi hata mingine akaisahau. Wanawake wa jikoni kambini tuliwashonea magauni ya tetroni ya buluu, na hayo hayakuwa na hata mmoja. Nikamfuata Msimamizi.

"Bwana Msimamizi, haya ya jikoni tuyatie mfuko mmoja tu."

"Mpishi ataweka nini mfukoni?"

"Simu. Funguo."

"Ataweka nyama."

"Na mchimbaji mwenye mifuko ile yote, yeye anaweka nini?"

Msimamizi akatazama mlangoni kwanza. "Wewe mama, utanifukuzisha kazi. Rudi kwenye cherehani."

Nilirudi, nikakaa miaka, nikaweka akiba, nikanunua cherehani changu. Nilipoaga alinihakikishia kwamba hatamkalisha mtu kwenye kiti changu mpaka mvua zianze. "Utarudi," alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja saa.

Nilipanga fremu ya duka Buseresere, kando ya barabara ya Biharamulo. Ndoto za utotoni zina gharama moja ambayo hazikutaji mapema: zinataka jina. Niliona "duka la ushonaji" ni jina la kila mtu, nikamwambia mchora mabango aandike STUDIO kwa herufi kubwa, na "ya mavazi" chini yake kwa herufi ndogo ili anitoze bei nafuu. Huo ndio mtaji mbaya kuliko wote niliowahi kuweka. Buseresere studio ni mahali pa kupigia picha. Watu walianza kuingia na vitana mkononi, wakakaa kwenye kiti, wakanyoosha shingo na kusubiri. Waliotaka nguo wakapita moja kwa moja kwa fundi wa jirani.

Mvua zikakaribia. Kodi ya fremu ilikuwa inafika ukingoni, na kazi niliyokuwa nayo ilikuwa viraka na zipu. Kiti cha Segese kilianza kuniita. Ndipo akaingia Mama Kulwa, muuza dagaa wa gulioni na mwenyekiti wa kwaya ya akina mama kanisani kwao.

"Mwangaluka, mama. Nataka picha ndogo nne."

"Mwangaluka. Picha sipigi. Nashona."

"Sasa studio ya nini?"

"Ya kuifikiria nguo kabla sijaikata."

"Na hiyo kufikiria unaitoza?"

"Inategemea mteja."

Akacheka, akakaa, na kabla hajamaliza maji niliyompa alikuwa amesema kwamba kwaya inatafuta fundi wa sare za sikukuu. Kwaya nzima! Nikaivaa futikamba shingoni. Akataja bei. Nikacheka kwa heshima. Nikataja yangu. Akainuka, akafika mlangoni, akarudi, kama inavyotakiwa. Bei zilipokaribiana nikaongeza: "Na kila gauni lina mfuko."

"Mfuko wa nini? Tunakwenda kuimba, hatuendi shimoni."

"Mama Kulwa, nikushonee lako kwanza. Livae gulioni. Ukiuchukia mfuko naufumua, na kwaya nzima naishonea kwa bei ile uliyoanza nayo."

Kwa bei ile ningekuwa nashona kwa ajili ya mazoezi tu, na kodi isingepatikana. Yeye alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Alikubali upesi mno. Usiku sikulala.

Nilimshonea gauni la kitenge, maua ya mshono wa ubavuni nikayalinganisha mpaka mimi mwenyewe nikawa nautafuta mfuko kwa vidole. Akalivaa siku ya gulio. Kesho yake hakuja. Keshokutwa akaja, uso umekunjamana, akasimama katikati ya fremu.

"Funga mlango."

Nikafunga, huku naipigia hesabu nauli ya Segese.

"Wewe unalijua fundo la khanga?"

"Nalijua tangu mtoto."

"Hulijui. Mimi nikitoka gulioni, mume wangu analiona fundo tangu sijavuka barabara. Kabla sijatua beseni ameshajua leo ni nyama au ni mchicha. Shemeji analiona, naye anakumbuka ada ya shule. Gulio zima linalipima fundo langu kwa macho. Juzi nimeingia nyumbani khanga imenyooka. Mzee akaniuliza, 'Leo dagaa hawakutoka?' Nikamjibu, 'Mungu ndiye anajua.'"

"Ukamdanganya, Mama Kulwa."

"Kwani Mungu hajui?"

Akauingiza mkono ubavuni, akautoa, akauingiza tena, kama mtu anayejaribu komeo jipya.

"Wawekee wote," akasema. "Bei yako hiyohiyo. Ila mtu akikuuliza, mfuko haupo."

Miaka yote nilikuwa nimeudhani mfuko ni mahali ambapo kitu hakianguki. Kumbe pia ni mahali ambapo kitu hakionekani. Hilo Fundi Mkuu asingeweza kunifundisha. Hajawahi kutembea na mali yake imefungwa kwenye pindo, kila mtu anaipima.

Sikukuu ilipofika nilikaa benchi la nyuma. Magauni yalikaa vizuri, nyonga hazikuvimba. Mwalimu wa kwaya akainua mikono, ubeti ukaanza, na pale kwenye pambio ambapo walitakiwa kuinua mikono na kuyumba, mama mmoja mmoja alikuwa amekwisha kuigundua mifuko upya, na mikono ikabaki humo. Walisimama kama mafundi mchundo wanaosubiri mshahara. Mwalimu akasahau kwamba yuko madhabahuni. "Akina mama, mikono! Mikono iko wapi?" Kanisa likacheka. Siri ya Mama Kulwa ikaishia hapo.

Waume wachache walinuna. Wake zao walikuja kupimwa. Mvua ziliponyesha Msimamizi alinitumia salamu kwamba kiti bado kipo. Nikamjibu amkalishe mwingine. Na neno STUDIO nikaliacha palepale. Aliyeingia kutafuta picha nilimwambia akapigwe kwa mpiga picha, ila akipigwa amevaa gauni langu itapendeza zaidi, na mara nyingine alikubali.

Leo nimestaafu, kwa maana ya kwamba macho yangu yamestaafu na mimi nikayafuata. Fremu inaendeshwa na binti niliyemfundisha, kuanzia kwenye sumaku. Wanaoniuliza kama utoto unaweza kumpangia mtu kazi huwa nawaambia sijui ya wengine. Mimi niliangusha sarafu. Mambo mengine yakafuata.

Nimebakiza moja. Baada ya kazi ya kwaya nilimshonea mayu gauni, kitenge kizuri, mfuko wa ubavuni wenye bitana ya pamba. Nilimpelekea mwenyewe kijijini. Alilivaa, akautia mkono mfukoni. Kisha akazichukua fedha nilizompa, akazifunga kwenye pindo la khanga yake, akalikaza fundo kwa meno, na fundo lote zima akaanza kulisukumiza mfukoni. Halikuingia vizuri.

"Mayu," nikamwambia, "mfuko unatosha. Fundo la nini tena?"

"Mfuko ni wako," akanijibu, bado anasukuma. "Fundo ni langu."

Niliporudi Buseresere nilichukua mkasi na kielelezo cha mfuko, nikakata kipya. Mpaka leo mifuko ya dukani kwangu ni mipana kidogo kuliko ya mafundi wengine, ili na fundo liingie.